Bado Mmoja Hajavuka

Nakumbuka siku moja, mwanangu, hapa Guangzhou, Uchina, niliposimama mlangoni mwa kontena kule Xintang nikazuia lisifungwe.

Lakini kwanza umjue askari wetu. Babu yake bibi yangu alipigana vita nchi za mbali, zama zile za bunduki za kushindilia baruti. Wazazi wetu walipofariki, niliacha shule darasa la sita nilee wadogo zangu, na bibi akawa ananisimulia habari za askari huyo kama alivyozisikia kinywani mwake. Niliyoishika ni ya mto uliofurika, adui akiwa nyuma. Askari wetu alijifunga kamba kiunoni, akasimama majini, wenzake wakavuka wakiishikilia. Maji yakamfika kidevuni. Jemadari akamwita atoke. Akajibu, "Bado mmoja, bwana." Huyo mmoja alikuwa mgonjwa, hata jina lake hakulijua.

Basi sisi wafanyabiashara tuliochangia kontena la kusafirishia mizigo nyumbani tulikuwa na desturi: mmoja husimamia upakiaji mpaka lakiri ipigwe mlangoni. Siku hiyo zamu ilikuwa yangu. Mama Achieng wa Nairobi alikuwa amelazwa hospitali, na mtaji wake wote ni yale marobota ya jinzi. Kontena likajaa, yake yakiwa bado nje.

"Meiyou," akasema bosi wa wapakiaji, yaani nafasi hakuna. Dereva akawasha lori.

Joeli, mwenzangu wa Mwanza, akanivuta shati. "Mkubwa, yako si yameingia? Twende tukale. Mama ataelewa."

"Ataelewa nini, Joeli?"

"Wewe nawe. Unataka kulala humo na jinzi?"

"Nitalala."

Nikapanda, nikaketi juu ya marobota. Bosi akafoka, kisha akaniambia nitoe yangu, basi. Wadogo zangu walikuwa wakiusubiri mzigo ule uuzwe ndipo warudi shuleni. Nikaanza kushusha yangu. Joeli akatikisa kichwa, akavua koti, akanisaidia kupandisha ya Mama Achieng.

Mzigo wangu ulichelewa, na nyumbani walibana mkanda. Nilipompigia bibi simu kumweleza, aliuliza neno moja tu: "Amevuka?"

"Amevuka, bibi."

Mwanangu, wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Ni rahisi kuuona mwepesi ukiwa haupo kichwani mwako. Ukikabidhiwa kamba, usiridhike kwamba wako wamevuka. Geuka utazame nani bado hajavuka. Mungu akutie nguvu za kiuno, na siku utakayokuwa wewe wa mwisho mtoni, umkute mtu bado amesimama majini akikungoja.