Sabuni Iliyoliwa na Maji

Watu wa Majengo mjini Embu walimjua Rahema kwa kamba yake ya kuanikia. Ilianzia kwenye mlango wa jiko, ikauzunguka mpera, ikaishia kwenye msumari wa ukuta wa jirani, na kila Alhamisi ilibeba kanzu kumi na mbili au kumi na tatu, zote za watu wengine. Alikuwa mjane wa miaka arobaini na kitu. Marehemu alimwachia chumba kimoja, pasi ya makaa, na sifa ya kuwa mke wa mtu mwaminifu. Chumba kilivuja na pasi ilipata kutu. Sifa aliitunza.

Kazi yake ilikuwa na utaratibu uliozoeleka mtaani. Mwenye kanzu alileta nguo pamoja na sabuni yake mwenyewe, nusu mche, imekatwa kwa uzi. Kilichobaki baada ya kufua kilirudi juu ya kanzu iliyokunjwa, kimefungwa kwa karatasi. Hakuna aliyekipima kipande kile. Ilitosha kwamba kipo.

Miaka yote alifulia mtoni, kwenye mawe bapa chini ya mji. Maji yalitoka mlimani, baridi ya kuuma mifupa, na sabuni ikiyagusa tu povu lilipanda hadi kwenye viwiko. Kisha ikaja Hali ya Hatari, serikali ya wakoloni ikipambana na wapiganaji waliojificha katika misitu ya mlimani. Mwaka wa hamsini na nne ilitoka amri kwamba mtu asishuke mtoni. Vichaka vya kando vilifyekwa, na aliyeonekana huko angeweza kupigwa risasi kabla hajaulizwa jina. Mtaa ukapewa bomba moja karibu na soko, linalotoa maji ya kisima kirefu kilichochimbwa upande wa chini. Maji yalikuwa maangavu, hayana takataka wala harufu. Watu walishukuru, wakapanga foleni.

Sabuni ilikataa kutoa povu. Badala yake ulitoka utando wa kijivu, ukaelea juu kama maziwa yaliyoganda, ukang'ang'ania kwenye kola na katikati ya vidole. Rahema alisugua tena na tena. Nusu mche uliozoea kufua kanzu nne na kubaki sasa uliisha kwenye kanzu moja. Nguo zilikauka ngumu, rangi yake kama maji ya kuoshea mchele. Aliongeza buluu ya kufulia, zikatoka kijivu chenye ubuluu. Ndani ya nyumba mambo yalikuwa yale yale. Birika lilifanya ukoko mweupe ndani, chai ilifunga ngozi, na nywele alizoziosha zilinata kama zimepakwa uji.

Yote hayo aliyaona, lakini hakuwa na neno la kuyaunganisha. Maji ni maji. Aliona haya kumwambia mtu mzima kwamba maji safi yamekula sabuni yake. Basi alirudisha kanzu bila kipande juu yake, na bila maelezo, akitumaini kwamba wiki ijayo mambo yatakuwa mengine. Hapo ndipo alipokosea.

Wiki mbili kabla ya Idd ya kuchinja, Abdulatif, mwenye duka aliyehamia kutoka Meru, alimwita Rahema barazani kwake. Hassan mchinjaji alikuwa amekaa juu ya sanduku la mbao. Nthiga, karani wa homugadi, mgambo wa serikali, alikuwa kwenye meza ya duka akinunua kiberiti.

"Bi Rahema, sabuni yangu imeota miguu?"

"Imeishia kwenye kanzu yako, Bwana Abdulatif."

"Kanzu hii?" Akaiinua kwa vidole viwili. "Ukiniambia imefuliwa kwa tope nitakuamini. Nusu mche mzima! Hata maiti haoshwi kwa sabuni nyingi hivyo."

"Labda anaila," Hassan akasema. "Mwangalie mashavu."

"Au imepanda mlimani," akasema Abdulatif, akacheka peke yake.

Hassan aliinamisha kichwa. Watu wa msituni walihitaji chumvi, dawa na sabuni, na mwezi uliopita wanawake wawili wa sokoni walichukuliwa na askari kwa ajili ya chumvi. Mpaka siku ile hawakuwa wamerudi.

Nthiga alitia kiberiti mfukoni, akatoa daftari na kalamu, akaandika mstari mmoja. "Mama, jina lako nalijua. Ijumaa, baada ya sala yenu, utanionyesha sabuni inaenda wapi. Ukishindwa, tutaenda sisi wawili kwa bwana shauri wa wilaya."

Abdulatif alitaka kusema kwamba ulikuwa mzaha. Akaitazama ile kalamu, akaikunja kanzu yake.

Jumatatu Rahema alikwenda bombani na debe lake. Mbele yake alisimama Wambeti, muuza mboga kutoka kijiji kipya ambamo serikali iliwakusanya wakulima, kimezungushiwa handaki. Alikuwa na barua ya ruhusa ya kuingia mjini, ameibana kifuani kwa pini, na alikuwa akilitukana bomba.

"Hii maji imelaaniwa. Maharagwe imechemka asubuhi mpaka jioni, bado iko kama changarawe. Mzee amenirushia mwiko."

"Sasa mnakula nini?"

"Tunakula, mama. Nilitia maji ya majivu, vile mama yangu alikuwa anatia kwa maharagwe ya kukauka sana. Ikaiva. Hata sufuria nimeoshea, mafuta ikatoka yenyewe. Inateleza kwa mkono kama sabuni."

Rahema aliweka debe chini. "Inateleza?"

"Kama kambare."

Jioni ile Rahema alikung'uta majivu ya pasi yake, akayakoroga kwenye beseni, akatumbukiza leso yake kuukuu. Ilitoka na madoa meusi, na povu halikuonekana. Alipomweleza Wambeti kesho yake, Wambeti alishika kiuno.

"Majivu ya makaa? Uui! Hiyo moto ilishamaliza nguvu yake. Na ulikoroga tu, kama uji?"

Jumatano Wambeti alileta, chini ya sukuma wiki, majivu meupe ya mabua ya maharagwe yaliyofungwa kwa jani la mgomba. Akamwelekeza: toboa kopo kwa chini, tandika nyasi kavu, jaza majivu, mimina maji kidogo kidogo. Yaliyodondoka yalikuwa na rangi ya chai hafifu. Rahema aliyatia kwenye debe la maji ya bomba. Maji yakageuka ukungu, na baada ya muda kitu cheupe kikatua chini kama unga. Aliyachota ya juu taratibu, akashika sabuni, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi mitatu povu likampanda hadi kwenye viwiko. Alikaa pale akilitazama mpaka lilipoanza kupasuka.

Ijumaa walikuja uani kwake wote watatu, na majirani wakajipanga ukutani. Rahema aliweka makarai mawili, moja la maji ya bomba, la pili la maji aliyoyatayarisha. Hakuigusa sabuni.

"Bwana Abdulatif, sabuni ni yako. Kata mwenyewe, fua mwenyewe."

"Mimi?"

"Kunja mikono, bwana harusi," akasema Hassan.

Abdulatif alivua kofia yake, akaitia kwenye karai la kwanza, akasugua. Utando ukatanda. Akasugua kwa nguvu, jasho likamtoka, na sabuni ikapungua mkononi mwake watu wote wakiona. Rahema akamsogezea karai la pili. Alisugua mara tatu tu. Povu likajaa, likamwagika kwenye viatu vyake.

Abdulatif alikitazama kipande kilichobaki, kisha karai la kwanza, kisha mikono yake.

"Majivu kwenye nguo ya kuswalia?" Hassan aliuliza kwa sauti ya chini.

"Majivu si najisi, nami nasuuza mara tatu. Damu ya mbuzi wako ndiyo inayonitia hofu miaka yote hii."

Nthiga alichuchumaa, akachovya vidole kwenye karai la pili, akavisugua, akavinusa. "Ulijifunza kwa nani?"

Rahema alifikiria barua ya Wambeti iliyobanwa kifuani kwa pini. "Jikoni," akasema.

Karani aligeukia karai la maji ya bomba, mkono ukimchuruzika. "Mke wangu Mukami anasema maharagwe ya siku hizi yamerogwa," akasema, na haikujulikana alikuwa akimwambia nani. Alifuta vidole kwenye kaptula, akatoa daftari, akakata mstari mmoja, akaondoka.

Siku ya Idd kanzu zilikuwa nyeupe. Abdulatif hakuomba radhi, wala Rahema hakungoja. Lakini Alhamisi iliyofuata mzigo wake ulikuja na nusu mche wa sabuni, na pembeni kopo la majivu ya mabua ya maharagwe, yamechekechwa vizuri. Wengine wakaiga, na huo ukawa ndio utaratibu mpaka amri ya mto ilipoondolewa.

Rahema alifua, akaanika, akapiga pasi. Juu ya kanzu ya Abdulatif akaweka kipande cha sabuni kilichobaki, kimefungwa kwa karatasi.