Chungu cha Mwisho cha Bibi Luciana

Mfinyanzi hulia gaeni, wanasema, lakini jirani yangu Bibi Luciana hata gae alikuwa hana. Alikula kwenye bakuli la plastiki na kuteka maji kwa ndoo ya plastiki, yeye ambaye Kinampanda nzima ilipikia vyungu vyake. Mara ya mwisho alipochoma vyungu, vyote vilipasuka. Wanawake wakasema kisimani kwamba mkono wa Luciana umekufa. Maneno yalimfikia, naye akaacha.

Ndipo akatokea Mwalimu Fredrick, kijana asiyejua kukaa kitako. Alikuwa anawagawa wanafunzi wake kwa wazee ili wafanye kazi za mikono pamoja. Darasa la Sita walikwenda kwa Mzee Kefa kujifunza kutengeneza na kupiga zeze. Darasa la Tano akawaleta kwa Bibi Luciana. Mimi nikakaa mlangoni kwangu kusubiri awafukuze.

Hakuwafukuza.

"Nitawafundisha," alimwambia mwalimu. "Na mimi nitafinyanga kimoja, kikubwa, cha maji ya kunywa pale shuleni. Kikitoka kizima, naacha kazi nikiwa na heshima yangu. Hicho ndicho cha mwisho."

Basi kila Alhamisi mchana ua wetu ulikuwa vurugu tupu, na nilipenda, sikatai. Watoto walikanyaga udongo kwa miguu huku wakiimba. Wavulana walitaka kufinyanga ng'ombe tu, wanono, wamejaa udongo hadi tumboni. Bibi akawatumbua matumbo kwa kijiti. "Ng'ombe asiye na nafasi tumboni atalipuka motoni, mjukuu wangu." Aliwafundisha pia kupima ukavu kwa shavu: chungu kikiwa baridi shavuni, bado kina maji ndani. Tangu siku hiyo watoto walipima kila kitu kwa shavu. Walipima milango, walipima sufuria zangu, walimpima hata mbwa wangu.

Siku ya kuchoma, wazazi walijaa. Bibi alivaa kitenge chake cha kanisani na hakuweza kutulia. Alipanga kuni, akazipangua, akazipanga tena. Mvua ilikuwa imenyesha wiki ile na kuturudisha nyuma, lakini watu walishaalikwa. Vyungu vya watoto vikapangwa juu ya kuni, chungu chake kikubwa katikati, kimelazwa ubavu kitako kikitazama nje, na samadi kavu ikawekwa pembeni tayari kwa kufunikia. Nilikuwa nimeshika kiberiti, nasubiri tu aseme washa.

Ndipo Editha, msichana mdogo kuliko wote darasani, akasogea mbele ya Bibi akapiga goti.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba. Si umeniamkia asubuhi?"

"Ndiyo Bibi."

"Haya, sema lililokuleta."

"Kitako cha chungu chako, Bibi. Nimekipima. Bado ni baridi."

Mimi nilitaka kumvuta sikio, maana nani anamwambia mfinyanzi mzee maneno hayo mbele za watu? Bibi Luciana aliinama polepole, magoti yakimlalamikia, akaweka shavu lake kwenye kitako cha chungu. Niliona macho yake yakijaa machozi, na moyo uliniuma, kwa sababu nilijua: akikiacha mle, kitapasuka na kuvunja vya watoto wote, akikitoa, siku aliyoingoja itapita bila yeye.

"Kitoeni," alisema.

Tulikitoa watu wanne, tukakiweka kivulini. Kisha akaninyang'anya kiberiti, akawasha mwenyewe.

Jamani, moto ule! Tulisimama wote tukitega masikio, tukisubiri ule mlio mbaya wa chungu kinachopasuka. Tulisikia kuni tu. Moto ulipozima na majivu kupoa kidogo, Bibi alianza kutoa vyungu kwa fimbo ndefu, kimoja kimoja, akikigonga kila kimoja kwa ufunguo wa nyumba yake. Kizima hulia, chenye ufa hukohoa. Cha kwanza kikalia. Cha pili kikalia. Kufika cha tano, wazazi walikuwa wanapiga makofi kila mlio, na Mwalimu Fredrick alikuwa anarukaruka kama mwanafunzi wake. Ng'ombe mmoja tu alivunjika pembe, na mvulana aliyemfinyanga akasema alikuwa mkali, alipigana.

Wanawake wa kisimani walikuwepo. Mmoja akasema kwa sauti, "Mkono ungali hai." Bibi alimsikia, akaangalia pembeni, lakini tabasamu lilimshinda.

Watu walipoanza kuondoka, Editha alikwenda kivulini, akaweka shavu kwenye chungu kikubwa.

"Bibi, hiki tutakichoma lini?"

Bibi alikitazama chungu chake cha mwisho, kimekaa pale kibichi. Akawatazama watoto, nyuso zao nyeusi kwa moshi, kila mmoja amekumbatia chake.

"Kikikauka," alisema. "Lakini moto hauwashwi kwa chungu kimoja, ni kuharibu kuni. Alhamisi njooni na udongo mwingine."