Mchota Maji wa Nyumba ya Surua

Msimu ule nilikuwa naamia ndege katika shamba la mpunga, mbele kidogo ya Namawala. Mwenye shamba alikuwa na duka Mlabani, mjini Ifakara, na hakupenda tope. Mimi nilikuwa nimetoka kukata miwa kule kwenye mashamba ya sukari, nikachoka na masizi, nikateremka bondeni kwa miguu na kwa kudandia matrekta, bila kujua nakwenda kufanya nini. Ndivyo nilivyoishi miaka ile ya tisini. Shule niliiacha darasa la tano. Barabara ilipita mbele ya dirisha letu, nami nilitaka kujua inaishia wapi.

Mpunga ukianza kuiva, kazi ni moja tu: kukaa. Unakaa juu ya dungu, yaani kibanda kilichoinuliwa kwenye nguzo za miti ili maji na nguruwe visikufikie, umeshika kamba ndefu zenye makopo matupu. Kwelea wakitua unavuta kamba, makopo yanalia, ndege wanainuka kama wingu, wanazunguka, wanakwenda kutua kwa jirani. Jirani naye anavuta kamba zake, wanarudi kwako. Tulishinda tukirushiana ndege, na kwa siku nyingi hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yangu na binadamu.

Jirani zangu walikuwa bibi mmoja mwenye nyonga mbovu, mke wa mwanawe, na wajukuu wawili. Kijana mwenyewe, baba wa watoto, alikuwa kambi ya uvuvi huko mtoni. Kama familia nyingi za bonde, walihamia shamba tangu kupanda mpaka kuvuna, wakajenga kibanda cha udongo chenye mlango mmoja, na nyumba yao ya kijijini wakaiachia paka. Mtoto mkubwa alikuwa wa kiume, karibu wa kuanza shule. Mdogo alikuwa wa kike, anatambaa. Alipofikisha umri wa sindano ya surua walikuwa shamba, na kliniki ilikuwa kijijini, na njia ilikuwa maji matupu. Ikapita hivyo.

Kila asubuhi nilipaza sauti kuvuka mpunga:

"Shikamoo, bibi!"

"Marahaba. Hujaoa tu?"

"Bado, bibi."

"Nani ataolewa na wewe, unanuka kinyesi cha ndege!"

Nilikuwa nacheka peke yangu huko juu, halafu kicheko kikiisha nasikia mpunga unavyosugua. Mchana mrefu wa bonde, milima ya Udzungwa imekaa kule mbali kama watu waliokupa mgongo.

Kisha surua ikaja. Watu wa Namawala walisema imeletwa na wafugaji waliokuwa wanashuka na ng'ombe kutoka Usukumani. Nami, kwa kuwa sikosi kuuliza, nilimuuliza mama mmoja wa wafugaji niliyemkuta kwenye maji, akasema wao wameipata mnadani, kwa watu wa vijijini. Kila mmoja alinyoosha kidole upande wa mwenzake, na katikati watoto walikuwa wanakohoa.

Asubuhi moja sikusikia swali langu la kuoa. Nikapaza salamu mara ya pili. Bibi akatokea ukingoni mwa shamba lake, akasimama hapo hapo.

"Usipige kelele. Tuna mgeni."

Nilielewa. Kule hawakuitaja surua kwa jina ikiwa ndani ya nyumba. Yule mvulana alikuwa na macho mekundu tangu juzi yake, na sasa upele ulikuwa umeanzia nyuma ya masikio.

"Wewe," bibi akasema, "unalala na nani?"

Nikadhani ni utani wake. "Na mbu, bibi."

"Sikuchekeshi. Hakuna mwanamke anayekuja hapo?"

"Hakuna."

"Hata mara moja?"

"Hata mara moja, bibi. Nani atakuja huku kwenye maji?"

Akatikisa kichwa kwa kuridhika. Akanieleza sheria za nyumba yenye mgeni yule. Mama wa mtoto hatoki nje mpaka upele ukauke. Mtu aliyelala na mwenzake haingii, kwa sababu ana joto, na joto lake likimfikia mgonjwa upele unakasirika na kurudi ndani ya mwili, na ukirudi ndani unaua. Baba wa mtoto ameshapelekewa habari asije. Na la mwisho, ambalo alilisema akinikazia macho: sindano haiingii katika nyumba ile, kwa mtoto yeyote, kwa ugonjwa wowote. Sasa yeye na nyonga yake hawezi kubeba maji kutoka kisimani. Watu wote wa mashamba yale wana wake na waume. Nimebaki mimi.

Nimefanya kazi nyingi maishani, lakini ile ndiyo niliyopewa kwa sababu hakuna anayenisubiri popote. Nikachukua ndoo.

Ndani kulikuwa giza, wameziba dirisha kwa kanga ili mwanga usimuumize macho. Mvulana alikuwa amelala kwenye mkeka, midomo imepasuka, anapumua kwa sauti ya msumeno. Mama yake alimfuta kwa kitambaa. Mdogo alikuwa anatambaa kati ya mkeka na mlango, anacheka, anagonga ndoo yangu kwa kiganja.

"Kaka," mama akaninong'oneza, bibi akiwa nje, "watu wa chanjo wamekuja kijijini. Nimesikia wapita njia. Huyu mdogo hajachanjwa."

"Si umpeleke?"

"Nitampelekaje? Humu haiingii sindano." Akamvuta mtoto mapajani. "Nenda kaniulizie. Waulize, mtoto aliyekaa nyumba moja na mgonjwa bado anachanjwa? Niambie watakavyosema. Usiongeze, usipunguze."

Nikaacha ndege wale mpunga wa mwenye duka, nikaenda.

Wachanjaji walikuwa barazani pa shule, nesi mtu mzima na kijana wa baiskeli, na boksi la barafu kati yao. Foleni ya akina mama ilikuwa fupi kuliko ya watu waliokuja kubishana. Mzee mmoja aliyevaa kofia ya sufu alikuwa anauliza kwa nini dawa ya sindano hii ni bure wakati panadoli inauzwa.

"Ukitaka kulipa, leta kuku," nesi akasema bila kuinua macho.

"Wanasema inawafunga uzazi mabinti," mwingine akadakia.

"Mimi nimechanjwa, na nina sita nyumbani. Kama inafunga, basi kamba yake imeoza. Anayefuata!"

Watu wakacheka, lakini yule mama aliyefuata hakucheka. Alimkumbatia mtoto wake na kusema kwao mtoto alichomwa sindano akiwa na surua, akafa siku ile ile. Hapo nesi akainua macho. Alimjibu kwa upole: sindano ile ilikuwa ya kutibu, mtoto alipelekwa amechelewa, hali imeshakuwa mbaya. Hii ni ya kuzuia, ya mtoto mzima. Yule mama alisikiliza mpaka mwisho, akaondoka na mtoto wake. Nilimtazama anavyokwenda. Hakuwa mjinga. Alikuwa amezika.

Nilipofika mbele nesi akaniangalia mikono. "Mtoto yuko wapi?"

"Si wangu. Nimetumwa." Nikamweleza.

Akafunga boksi, akafikiri. "Mwambie mama yake hivi. Kama surua imeshamwingia huyo mdogo, sindano haiwezi kuitoa. Kama haijamwingia, itamkinga. Ipi kati ya hizo, mimi siwezi kujua na wewe huwezi kujua. Lakini kila siku anayokaa humo, nafasi inapungua. Na akichanjwa anaweza kupata homa kidogo baada ya wiki hivi, wasishtuke. Tuko hapa kesho mpaka saa sita. Baada ya hapo tunavuka mto."

Nilirudi nikiyarudia maneno yale njia nzima, nisiyamwage. Nikamwambia mama yote, pamoja na sehemu ile ambayo mtu mwingine angeificha.

"Kwa hiyo naweza kumchanja, na bado akaugua."

"Ndivyo alivyosema."

"Akiugua watasema nimemuua mimi. Nisipomchanja akaugua, watasema ni Mungu." Machozi yalimtoka bila sauti, kwa kuwa katika nyumba ile hata kulia kulikatazwa.

Bibi alikuwa nje anapeta mchele, na ukuta wa udongo hauzuii kitu. Nilipotoka alisema, "Mnanong'ona nini kama wezi?"

Nikakaa chini mbele yake, nikamweleza naye. Hakukasirika. Alinisimulia juu ya kitinda mimba wake, binti, aliyeshikwa na ugonjwa huu huu zamani. Walimbeba mpaka zahanati, akachomwa, wakarudi naye. Njiani upele ulififia, wakafurahi wakidhani anapona. Kumbe umerudi ndani.

"Nilimbeba mwenyewe," alisema. "Nilidhani amelala."

Lakini nina ugonjwa wa kuuliza, umenifukuzisha kazi nyingi, na hapo pia ulinishika.

"Na wale wasiochomwa, bibi? Walipona wote?"

Ungo ukasimama. Nikadhani atanitukana. Akaendelea kupeta, polepole kuliko mwanzo, makapi yanaruka na upepo kuelekea kwangu. Nikarudi kwenye dungu langu, nikavuta kamba zangu, nikajiona mpumbavu kumtia mtu mzima kidole kwenye jeraha.

Jua lilipokuwa linazama nilimwona anakuja, anachechemea kwenye tuta kati ya majaruba ya mpunga, mtoto mgongoni na beseni mkononi. Alisimama chini ya ngazi yangu. Akamwosha mtoto mwili mzima kwa maji baridi ya jaruba, mtoto akipiga kelele, akamfunga kanga kavu, akaninyooshea juu kama unavyopandisha gunia.

"Shika."

"Bibi, huyu..."

"Shika, nimekwambia. Nyumba yangu haiingii sindano. Hilo sitalivunja, aliye ndani asije akadhurika kwa ajili ya aliye nje. Lakini hili lako ni dungu. Halina mlango, halina jiko, halina mtu. Huyu akilala hapa, kesho akiamka si mtoto wa nyumba yangu. Wanaweza kumchoma wanavyotaka."

Akapanda ngazi kwa shida, akaketi. Alikuja pia na kibuyu cha uji. Tulilala watatu kwenye kibanda cha mtu mmoja. Mtoto alimlilia mama yake, na mama yake alikuwa anamsikia kule ng'ambo ya mpunga, naye haruhusiwi kutoka. Miezi yote ile sikuwa nimesikia pumzi ya mtu mwingine karibu yangu. Mtoto aliponyamaza alikuwa ameshika kidole changu, nami sikukitoa.

Asubuhi tulikwenda, mimi nimembeba, bibi nyuma na fimbo. Barazani pa shule nesi aliuliza, "Huyu anakaa wapi?"

"Kwa huyu," bibi akajibu, akinionyesha kwa fimbo, kabla sijafungua mdomo.

Nesi alinitazama, akamtazama yeye, akavuta dawa. Mtoto alichomwa begani, akashangaa kwanza, ndipo akalia. Bibi aligeuka pembeni, mkono umeziba mdomo, akabaki hivyo hata kilio kilipokwisha. Nesi akampa pia vidonge laini vya vitamini vya kumkamulia mvulana mdomoni, vya kulinda macho. Bibi aliviviringisha kiganjani.

"Havina sindano?"

"Havina, mama."

"Basi vitaingia."

Mtoto alibaki kwangu, na mchana bibi alikuwa anamlisha na kumbembeleza. Baadaye, kama nesi alivyosema, homa ikaja. Nilimgusa paji la uso asubuhi nikahisi moto. Bibi alikuja, akamgusa, akanitazama. Alimvua nguo zote, akamkagua nyuma ya masikio, kifuani, tumboni, akimgeuza kuelekea jua. Kisha akaketi chini ya dungu, akakaa huko siku ile na iliyofuata, kila mara akiniambia, "Mwangalie tena." Kule mlangoni mama alisogeza kanga ya pazia, akasimama ndani ya kivuli, hatoki, haingii. Nilikuwa nafanya ishara ya mkono: bado hakuna kitu. Kwelea walikula wapendavyo.

Upele haukutokea. Homa iliondoka kama ilivyokuja, na mtoto akaanza tena kugonga ndoo yangu.

Mvulana naye alipona, amekonda, ngozi inambambuka, sauti imekauka, ila macho yake mazima. Siku upele ulipokwisha bibi alimnyoa, akamwosha, akafungua dirisha. Mama alitoka nje, akavuka mpunga moja kwa moja mpaka kwangu, akamchukua binti yake bila kunisalimu, akaketi pale pale kwenye tope akamnyonyesha. Baba akaja kutoka mtoni na kambale wa kuning'iniza. Usiku wao ukawa na vicheko. Mimi nilivisikia kutoka juu.

"Ni sindano," mama aliniambia baadaye.

"Ni kulala kwenye dungu," alisema bibi. Kisha akaongeza, "Sasa oa." Nilijua anamaanisha wema. Lakini nilijua pia kwamba ningekuwa nimeoa, asingeniita.

Mwenye duka alipoona mpunga wake ulivyoliwa, alinifukuza. Nikafunga kamba na blanketi, nikashika njia ya Kibaoni nikitafuta gari la kwenda popote. Kabla sijatoka mashambani, mwanamke nisiyemjua alisimama kwenye ua wa kibanda, ndoo tupu miguuni, dirisha nyuma yake limezibwa kwa kanga.

"Wewe ndiye yule wa bibi mwenye nyonga? Unalala na nani?"

"Peke yangu," nikasema. Nikatua mzigo wangu. "Humo ndani kuna mwingine ambaye hajachanjwa?"

Akageuka kutazama mlango wake.

"Yupo," alisema.