Kisumu Ije Yenyewe

Wallahi niliamini kwamba ndege haiendi popote. Inapanda tu, inasimama hewani, na dunia inazunguka chini yake. Mji unaoutaka ukifika, inashuka. Aliyeniambia ni mpakia mizigo wa uwanja wa ndege, tukinywa kahawa hapa Chaani, mtaa wetu wa pwani ulio jirani na uwanja huo, na mtu anayegusa ndege kwa mikono yake utambishia nini? Tena wiki hiyohiyo mwalimu wetu wa shule ya jioni alikuwa ametufundisha kuwa dunia huzunguka kuelekea mashariki. Nikaunganisha. Macho yangu nayo yakawa shahidi: kwetu ndege hupita chini hata kuku huinama, na ukiitazama inapokuja kutua, utaapa imening'inia juu ya mabati, imetulia tuli.

Asubuhi moja, saa tatu, dada yangu mkubwa akapiga simu kutoka Kisumu: anapanda ndege ya moja kwa moja. Alikuwa ameolewa huko miaka saba, na aliondoka kwa ugomvi, kwa kuwa mama hakumtaka yule mume. Tangu hapo wakawa watu wa salamu za simu. Sasa mama ameapa kumpokea mwenyewe pale uwanjani, awe wa kwanza kumshika mkono.

"Nivae, twende?"

"Tulia, mama. Huyo ni wa kesho asubuhi."

"Kesho! Mbona jirani alikwenda Kisumu akafika hata jua halijapanda?"

"Kwenda ni rahisi, Kisumu iko magharibi, inakuja yenyewe. Kurudi ndiko kwenye kazi. Lazima dunia nzima ipite kwanza."

Mama alinitazama kama mtu aliyezaa profesa. "Kweli elimu ni bahari, baba." Akailoweka leso yake ya kutokea, iwe safi kesho, akarudi kwenye mbuzi kukuna nazi.

Nami nikakaa kizingitini nikiota macho wazi. Nikamwona dada dirishani, mikono mapajani, hasogei hata unywele. Chini yake Kongo ikipita polepole, kijani kwa kijani. Kisha maji, maji, maji. Kisha Brazili wamelala bado. Kisha bahari nyingine isiyokwisha, na visiwa vidogo kama punje za mtama. Nikamwonea huruma kwa safari ndefu vile. Nikasinzia.

"Hodi!"

Nikafumbua macho. Dada amesimama uani, begi mkononi, jasho linamtoka. Adhuhuri ilikuwa haijaadhiniwa.

"Nimewangoja pale hadi watu wakaisha," akasema, sauti ikimkatika. "Simu zenu hazishikwi. Nikajua mama hajanisamehe."

Mama akatoka jikoni mbio, leso ya kazi kiunoni, tui hadi viwikoni. "Abee! Mwanangu! Muulize huyu ndugu yako, ndiye aliyenizuia!" Akamkumbatia hivyo hivyo, gauni la safari likalowa tui, wakalia wote wawili mpaka nami nikapenga kamasi.

Walipotulia, nilijitetea. Nikaeleza dunia yote, na Brazili yake. Dada alinisikiliza mpaka mwisho, akajifuta macho kwa ncha ya leso ya mama.

"Ndege inakwenda, ndugu yangu. Ina injini. Kisumu na hapa ni kama kilomita mia saba, saa moja na nusu hivi, kwenda na kurudi ni sawasawa tu."