Manbir, Mwaga Mchanga wa Treni ya Mlimani

Mdogo wangu Manbir Khawas amefanya kazi moja tu maishani mwake, kumwaga mchanga. Mbele kabisa ya injini hukaa wanaume wawili, mmoja kulia na mmoja kushoto, wamekalia chuma, sanduku la mchanga liko kati yao. Reli ikilowa magurudumu huteleza, na kwetu Darjeeling, milimani India, reli ikikauka watu huulizana kulikoni. Basi wale wawili huchota kwa mkono na kumwaga juu ya reli, mbele ya gurudumu, kiganja baada ya kiganja, mpaka stesheni ya juu, Ghum. Wageni wanapiga picha ya injini na picha ya moshi. Hao wawili hutokea pichani kama watu waliodandia bure.

Manbir amekaa upande wa kushoto miaka thelathini na minne.

Mimi ndiye niliyemlea. Mama alikuwa mchuma chai, anaondoka kabla hatujaamka. Nilikuwa na miaka tisa, na Manbir nilimbeba mgongoni, mzito kama gunia la viazi. Alikuwa mtoto asiyelia. Ukimchapa anakuangalia tu, wewe ndiye unayechoka. Alipofika miaka kumi na minne akaanza kuvuta sigara za majani nyuma ya karakana ya injini, na wazee wa karakana wakamzoea, wakamtuma chai, wakamtuma makaa, mwisho wakampandisha pale mbele. Alipoajiriwa alikuja kuniambia, "Dada, nimepata." Nikamuuliza amepata nini. "Upande wa kushoto," akasema, kama mtu aliyepewa shamba.

Sasa niseme la mama.

Mama alifariki alfajiri, mwezi wa mvua. Nilimtuma jirani kwenda stesheni kumwambia Manbir. Jirani akarudi akasema amemwambia, amesikia. Tukangoja. Kwetu maiti hailali, inateremshwa mtoni kuchomwa siku hiyo hiyo. Tulingoja mpaka saa nne na nusu. Kaka yetu mkubwa, marehemu sasa, akasema tuondoke. Tulipofika kwenye kona ya Kakjhora, pale reli inapokata barabara, treni ilikuwa inapanda. Wabebaji wakasimama na mama begani, juu ya mianzi mibichi, mvua inampiga. Treni ikapita mbele yetu, karibu hivi kwamba mvuke ulitugusa. Manbir alikuwa pale mbele. Anamwaga. Hakuinua kichwa.

Alikuja mtoni mchana, kaka ameshawasha moto, ana mchanga mpaka kwenye mikunjo ya suruali. Alinyoa nywele, akakaa matanga siku zote kumi na tatu, akala chakula kisicho na chumvi kama inavyotakiwa. Siku ya kumi na tatu, ukoo mzima umekaa, nikamwambia, "Wewe hutavuka tena kizingiti changu."

Akasema, "Haya."

Watu walidhani nina hasira. Hasira ingekuwa afadhali. Mahali pale ndani yangu palikufa ganzi kama mguu uliokaliwa, na sikuona sababu ya kupasugua.

Alikuwa akikaa nyumba za reli, mwendo wa dakika kumi kutoka kwangu. Miaka tisa. Alikuwa akinitumia sukari kwa mkono wa binti yake Prabina, na mimi nikimrudishia sukari kwa mkono huo huo. Kila sikukuu ya Tihar, siku ya tano, dada huwawekea kaka zao tika, ile alama ya rangi saba kwenye paji la uso, na mwaka mzima kifo kinampita kaka mbali. Ndivyo tunavyoshika sisi. Miaka tisa Manbir alikaa na paji tupu. Binti za mama mdogo walitaka kumwekea. Akawaambia, "Mimi ninaye dada."

Mwaka huu, siku moja kabla ya tika, Prabina alikuja nikiwa nakaanga sel, mikate yetu ya mduara.

"Shangazi, baba anastaafu mwisho wa mwezi. Kaka yangu anamchukua Siliguri, huko chini kwenye joto. Daktari amesema kifua hakitastahimili baridi nyingine ya hapa."

"Daktari amesema nini kingine?"

"Ameangalia picha ya kifua, halafu akauliza nyumbani tuko wangapi."

Nikageuza mkate.

"Basi aende."

"Aende bila tika mwaka wa kumi?"

"Mimi sikumkataza kuwa na dada wengine."

"Akifa huko chini watasema ni wewe, shangazi."

"Watasema?"

"Kwani kwa nini wasiseme? Mimi mwenyewe nitasema."

Nilimtazama. Ana mdomo wa mama yangu, neno linatoka kabla ya meno kufunguka. Nikamwambia nimeshasema mbele ya ukoo kwamba Manbir havuki kizingiti changu, na kauli yangu siimezi. Isitoshe kesho yuko kazini, Tihar ndiyo wageni wanajaa.

"Ulisema yeye asivuke cha kwako," akasema. "Hukusema wewe usivuke cha kwako." Akaweka tiketi ya treni juu ya meza, karibu na unga, akachukua mikate miwili ya moto na kuondoka.

Nimeishi na treni hiyo miaka sitini na nane. Utotoni tuliidandia kwenda shule na kuruka kabla haijasimama. Kupanda kwa tiketi, nikakaa kitini kama mgeni, ilikuwa mara yangu ya kwanza. Nilivaa shali nzuri nikapakata sinia iliyofunikwa kitambaa. Pembeni yangu walikaa mama mmoja wa Kolkata na mume wake, wamejivika kofia za sufu mpaka shingoni kana kwamba wanakwenda vitani.

"Bibi," akaniuliza yule mama, "treni hii kila siku huenda polepole hivi?"

"Hapana. Leo inakimbia."

Mume akacheka. Mke akanitazama kuona kama natania. Sikumsaidia.

Kutoka ndani ya behewa humwoni aliye mbele ya injini. Unasikia tu. Kwenye mwinuko magurudumu yaliteleza, yakazunguka bure, behewa likatetema, halafu yakashika. Yakateleza tena, yakashika. Kila yaliposhika nilijua ni mkono. Nilijua tu, kama unavyojua saa ukutani inatembea. Batasia, pale reli inapojizungusha, wageni wote walishuka kutazama mlima. Mimi nilibaki na sinia yangu. Mlima nimeuona.

Redio ilikuwa imetangaza kwamba saa njema ya tika inaanza saa tano na dakika tano. Ghum tulifika na robo. Nikashuka, nikatembea mpaka mbele ya injini. Manbir alikuwa ameinama anakung'uta magoti. Mwenzake wa upande wa kulia, jitu moja nene liitwalo Norbu, ndiye aliyeniona.

"Manbir. Geuka taratibu, usianguke."

Akageuka. Amezeeka vibaya. Shingo imekuwa kamba tupu, na kope zina masizi kama za mtu aliyepakwa wanja.

"Dada," akasema.

"Kaa chini."

"Hapa?"

"Ulitaka nije na kiti?"

Norbu akatandika gunia kando ya reli. "Safi, mama, limefutwa."

"Limefutwa na nini, makaa?"

Manbir akakaa. Nikafunua sinia. Unaanza kwa kumzungushia kaka mafuta na maji, mara tatu, ili kifo kisivuke mstari ule. Norbu akasema mafuta yakipungua ndani ya injini yapo. Nikamaliza mzunguko wa tatu. Kisha linavunjwa kokwa gumu la jozi kizingitini, na pale hakuna kizingiti.

"Liweke kwenye reli," Norbu akasema. "Injini italivunja yenyewe."

Manbir akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, kikohozi kikaendelea mpaka Norbu akaacha kucheka. Nikangoja kiishe. Halafu nikaliweka kokwa juu ya reli nikalipiga kwa jiwe. La kwanza likaruka. Nikalifuata, nikalirudisha, nikalipiga tena mara mbili.

Nilikuwa nimeshachovya kidole kwenye uji mweupe wa mchele, unaotangulia rangi. Nikasimama na kidole hewani.

"Siku ile ulituona?"

Hakuuliza siku gani.

"Niliona viatu vya kaka," akasema. "Halafu nikaona miguu yako. Ulikuwa pekupeku."

"Na ulijua tumebeba nani."

"Nilijua."

"Na hukuinua kichwa."

"Kona ile ikilowa, dada, ukikosa kiganja kimoja injini inarudi nyuma. Na nyuma kulikuwa na mabehewa matatu ya watu." Akafuta pua kwa mgongo wa mkono. "Walinipa ruhusa asubuhi, nisikudanganye. Hapakuwa na wa kukaa kushoto. Nikapanda."

"Basi?"

"Basi."

Nilikuwa nimebeba swali lile miaka tisa, nikidhani jibu lake likija litanipiga mahali. Halikunipiga popote. Nilisikia tu injini ikipumua nyuma yangu. Nikamshika kidevu, kwa sababu ndivyo unavyoshika mtu unayemwekea tika, nikapaka. Uji haukushika, masizi yalikuwa mengi. Nikamfuta paji kwa ncha ya shali yangu nzuri. Lilikuwa la moto, hakuniambia ana homa. Nikapaka upya, nikaweka rangi zote saba, moja chini ya nyingine. Nikamvisha shada la maua ya zambarau juu ya koti lake la kazi. Nikamtia sel mdomoni.

Yule mama wa Kolkata alikuwa amekwisha fika na simu yake. "Bibi, tabasamu kidogo! Na kaka naye!"

"Piga hivyo hivyo," nikamwambia.

Kaka naye humwekea dada. Manbir akatazama mikono yake, akaifuta kwenye suruali ambayo ilikuwa chafu kuliko mikono, akanipaka. Rangi zilichanganyika na mchanga. Zilinikwaruza.

"Sina zawadi," akasema. "Sikujua utakuja."

"Hata mimi sikujua."

"Siliguri utakuja?"

"Kuna joto."

"Haya."

Wakati wa kushuka mchanga hauna kazi kubwa. Norbu akamwambia aende kwa dada yake, yeye peke yake anatosha. Manbir akasimama kwenye kidato cha behewa, mlangoni, karibu na kiti changu, shada shingoni. Watoto wa wageni walimpungia mikono, na yeye akawapungia. Yule mama wa Kolkata aligawa machungwa, Manbir akala vipande viwili na kumwambia ni matamu.

Tulipokaribia kona ya Kakjhora nilisema, "Hapa."

"Najua hapa."

Sasa hakuwa na reli ya kuitazama. Akainua uso, akatazama mahali tuliposimama siku ile. Pana duka la kuuza simu sasa, na mbwa amelala. Alipatazama mpaka pakapita, akageuza shingo kupafuata, kisha kikohozi kikamshika na mkono wake ukaachia chuma. Nikamkamata koti. Lilikuwa zito, mifuko imejaa mchanga. Kilipokwisha hakusema niachie, nami sikuachia, tukaenda hivyo mpaka stesheni.

Majirani wameniuliza nilijisikiaje siku ile. Nimewaambia sikujisikia. Wengine wamenicheka kwamba nimekula maneno yangu, na hao nimewajibu kwamba kizingiti changu Manbir hajakivuka mpaka leo. Aliondoka mwisho wa mwezi kwa gari la mwanawe. Kiti cha kushoto amepewa mtu wa Tindharia, simjui. Mchele wa tika ya mwakani nimeshautenga. Prabina ameniambia magari ya Siliguri huondoka saa kumi na mbili asubuhi, na kwamba nikikaa upande wa dirisha sitatapika.