Mfupa wa Changu

Harufu ya samaki niliyemkaanga leo hapa Kasulu imenirudisha pwani, likizo ile tulipomtembelea shangazi, dada yake baba.

Alitukaangia changu waliotoka baharini asubuhi ile, kwa chumvi na ndimu tu. Ngozi ilivunjika mkononi kama karatasi kavu. Kwetu samaki alikuwa dagaa mkavu, unamtafuna na kichwa na mifupa yake. Mama akamla changu hivyohivyo, kwa raha zake. Mara mfupa ukamkwama kooni. Macho yakamtoka, akanikamata mkono mpaka kucha zikaniingia. Hakutoa hata sauti.

"Wifi, meza hili tonge la ugali, usitafune!" shangazi alipiga kelele.

Nililikodolea macho koo la mama. Tonge likasimama pale, nami nikaacha kupumua. Kisha likashuka. Mama akafuta machozi, akacheka, akavuta samaki mwingine. Mimi sikula tena.

Sasa mama amezeeka. Ameketi mezani kwangu, anasubiri nimchambulie samaki.

"Mwana wanje," ananiita mwanawe kwa Kiha, "samaki anapoa."

Namwambia bado kidogo. Mifupa nimeshaitoa yote, lakini vidole vyangu vinaendelea kutafuta.