Ukungu wa chumba cha Mama Kabula

Leo mdomo wangu umeniponza jamani.

Mnamjua Mama Kabula, mpangaji mwenzangu hapa Bariadi? Ukuta wa chumba chake umeota ukungu mweusi mpaka juu ya kitanda cha mtoto. Kabula anakohoa wiki ya tatu sasa.

Asubuhi Mama Kabula kamwita baba mwenye nyumba aje aone.

Mzee kaanza, "Mayu, mama yangu, huo ni mvuke wako. Unapika ndani, unaanika nguo ndani."

"Baba, nyuma ya huu ukuta ni bafu lako," Mama Kabula akamjibu. "Weka mkono hapo."

Kaweka. Umelowa chapachapa!

Mzee akanywea. "Haya, nitaleta fundi."

Mimi sasa, nimesimama pale mlangoni, kwa furaha si nikarukia! (Mnanijua.)

"Nilijua tu mimi! Hata mpangaji aliyetoka humu, mtoto wake alikohoa hivihivi!"



Mama Kabula akanigeukia polepole. "Dada, kumbe ulikuwa unajua? Si wewe ulinitafutia hiki chumba?"

Mzee akacheka. "Eeh, mwulize huyo kwanza." Akaondoka zake, na habari ya fundi ikaishia hapo.

Ni kweli nilijua. Nilikuwa nataka tu jirani wa kupiga naye stori. Nikasema moyoni, kiangazi kikija ukuta si utakauka.

Sasa hanisemeshi. Mlango kaufunga, na huku namsikia Kabula anakohoa humo ndani.

Ingekuwa nyie, mngegonga?